Televisheni ya Dirisha la Baba

Jambo la kijinga nililolifanya kwanza, kabla ya yote, ni kung'oa dirisha la nyumba yetu. Sikulivunja. Kuvunja ni kazi ya mhuni wa kawaida. Mimi nililing'oa kwa heshima, msumari baada ya msumari, kwa koleo la kuazima, siku ya soko, mama akiwa Mulongwe anauza mafuta ya mawese na baba akiwa ziwani. Nikalibeba kichwani vioo vikiwa vizima, nikapita katikati ya avenue, barabara ya mtaa wetu, kuelekea uwanja wa shule ya misheni, nikisalimia watu kama mtu anayepeleka kuku kwa wakwe. Nyuma yangu nyumba ilibaki na tundu ambalo mbuzi wa jirani angeweza kuingia akitaka. Alitaka.

Leo nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Wengine hustaafu na mvi, mimi nimestaafu na chunusi. Lakini kazi ni kazi, na nyinyi wa madarasa ya chini mmeanza kunizunguka mkiuliza televisheni yetu ilifanywaje, mnataka kuianzisha tena. Basi nawaandikia. Kuhusu vyeo sina la kusema: nilianza nikiwa mkurugenzi na nikamaliza nikiwa mkurugenzi. Kuhusu mshahara pia sina la kusema, maana haukuwepo. Nitawaambia vyombo, kesi ngumu, na fundi wangu. Na ile Jumapili ya mwisho, kwa kuwa najua ndiyo mnayoitaka.

Mwaka wa uhuru, mtu mmoja tu hapa Uvira alikuwa ameona televisheni kwa macho yake. Alikuwa Fundi Asumani, aliyetengeneza redio karibu na daraja la Mulongwe. Zamani alikuwa boyi wa mzungu, na mzungu huyo akaenda naye Ubelgiji wakati wa likizo. Huko Fundi alisimama mbele ya duka akaona sanduku lenye kioo, na watu ndani yake.

"Bantu badogo, rangi ya majivu," alitueleza. "Unabatukana, habasikie. Unabasalimia, habasikie. Banaendelea tu na mambo yao."

Tukamuuliza wanafanya nini mle ndani. Akasema wanaonyesha mambo ya kweli: kama nyumba iliungua, wanaicheza tena ikiungua, ili asiyekuwepo ajue ilivyokuwa. Huenda aliona kitu kingine kabisa. Alikuwa nje ya duka, hasikii sauti, baridi inamng'ata masikio, na mzungu wake anamuita. Elimu yetu yote ya televisheni ilitoka hapo, na sijawahi kuona shule iliyoanza na msingi mzuri zaidi.

Tatizo lilikuwa kioo. Fundi alisema bila kioo hakuna televisheni, kuna watu wamesimama tu. Na kwenye avenue yetu dirisha la kioo lilikuwa moja, la baba. Baba alikuwa makanisiyeni, fundi wa mitambo, wa boti ya mota iliyobeba mapipa ya mawese kutoka Baraka na Makobola hadi bandari ya Kalundu. Dirisha lile alilipata kwa mzungu aliyekuwa anahama kwa haraka na hakuona namna ya kubeba dirisha. Alilitia nyumbani kwa mikono yake, akawa analifungua na kulifunga bila sababu, asubuhi na jioni, ili watu waone.

Mnaelewa sasa ukubwa wa ujinga wangu.

Mama aliporudi sokoni alimkuta mbuzi kitandani. Alinifuata uwanja wa shule akiwa na mwiko mkononi, na yaliyofuata si sehemu ya kazi, nayaruka. Lakini hakulichukua dirisha. Alisema litabaki pale pale mwenyewe arudi alione, na aniue yeye. Baba alirudi siku ya onyesho letu la kwanza. Tulikuwa tumelisimamisha dirisha juu ya madawati mawili, tumezungushia mablanketi, sisi tuko ndani tunacheza ile sherehe ya uhuru ambayo kamba ya bendera ilinasa na kijana mmoja akapanda mlingoti kuinasua, akashuka na suruali imepasuka. Baba alisimama nyuma ya watu mpaka mwisho. Halafu akasogea, akabandika uso kwenye kioo, akatukodolea macho na kutoa ulimi. Sheria ya Fundi ilisema wa ndani hawasikii wala hawaoni wa nje, kwa hiyo tuliendelea kukaza nyuso kama maiti. Alicheka mpaka akakaa chini. Paji lake la uso lilikuwa na girisi ya mota, likaacha alama kwenye kona ya juu ya kioo. Sikuwahi kuifuta. Mwanzoni kwa uvivu.

"Liache kwanza," akamwambia mama. "Mvua ikikaribia, nitalirudisha minye mwenyewe."

Mvua ikakaribia, baba akawa ziwani. Akarudi, mota ikawa mbovu. Akaitengeneza, akaondoka tena. Mama akatundika mkeka kwenye tundu. Na kila alipotoka alifunga mlango kwa kufuli nene ya chuma, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, wakati mbuzi yeyote mwenye akili angeweza kupita kwenye mkeka. Nilimtania sana. Alijibu kwamba kufuli si ya mwizi, ni ya mwenye nyumba, ajue nyumba yake ina mtu.

Sasa vyombo. Beseni moja kubwa la ziwa. Bati la radi, ambalo lazima litikiswe na mtu mwenye hasira, kwa hiyo mpeni aliyefeli hesabu. Tochi yenye karatasi nyekundu ya peremende kwa moto. Kwa mvua hakuna kinachoshinda dagaa wakavu wakimwagwa polepole kwenye ungo. Funga macho, utatafuta pa kujikinga. Baada ya onyesho tulikula mvua. Kwa kila kinachozama, makopo ya maziwa ya unga, yale yenye kifuniko cha kubana, yamejazwa mchanga.

Lakini chombo kikubwa kuliko vyote kilikuwa neno moja, na lilizaliwa lenyewe siku ile ile ya bendera. Katekista mmoja mzee alisimama katikati ya watu akasema haiwezekani, mlingoti mwembamba vile ungekunjika. Nilifungua mdomo kubishana. Fundi akanishika bega.

"Muntu akisema haiwezekane, usibishane naye. Mufungulie dirisha, umufanyie mbele ya macho."

Tukafungua kioo, tukatafuta mti wa unene ule, tukampandisha Bahati, rafiki yangu na mwigizaji wangu mkuu, kwa kuwa ndiye mwepesi na asiyejali suruali. Mti ukayumba, haukukunjika. Katekista akakubali, watu wakapiga makofi kuliko walivyopigia onyesho lenyewe. Tangu hapo kila Jumapili walikuja kwa ajili ya haiwezekani. Walikuja na mizani, na kamba, na vyura. Kiboko aliyegeuza mtumbwi kwa mgongo: haiwezekani, fungua dirisha. Ng'ombe aliyevuka Ruzizi kwa kuogelea na ndama mgongoni: haiwezekani, fungua dirisha, na kweli ile haikuwezekana, mwenye hadithi akachekwa mpaka Mutarule.

Fundi alikuwa na kanuni ya pili, nayo andikeni kwenye daftari zenu kama bado mna daftari: kwanza jaribu kwa kitu cha kweli, ukishaelewa ndipo udanganye. Kabla ya kuweka mchanga kwenye kopo, weka kile kilichokuwemo siku yenyewe, uone kinafanya nini.

Kesi ngumu kuliko zote, kabla ya ile ya mwisho, ilikuwa ya mfugaji kutoka juu kwenye nyanda za milima. Alishuka na siagi, akakuta televisheni, akatupa habari yake: radi ilimpiga ng'ombe akafa amesimama, na ndama aliyekuwa ananyonya chini yake akabaki mzima, maziwa bado mdomoni. Tukaicheza. Bati likalia, tochi ikawaka, Bahati akafa vizuri sana akiwa ng'ombe. Watu wote wa ziwani wakasema kwa sauti moja: haiwezekani. Tukafungua dirisha, halafu? Radi haiitwi uwanjani. Nilijaribu na betri ya redio na waya mbili, nikamchoma Bahati, akasema neno ambalo misheni hatulisemi. Watu wakacheka, mfugaji akafunga siagi yake.

"Sikuja kuuliza kama inawezekana," akasema kwa upole. "Nilikuwa pale."

Akapanda milima yake. Niliona aibu, na mimi aibu huwa sioni. Fundi alikuwa anakaza skrubu ya redio, hakuinua kichwa. "Mambo ya kweli haina lazima iwezekane," akasema. "Ile ya uongo ndiyo inapashwa kuwezekana." Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye njaa. Nilikuja kuyalipia baadaye.

Miaka ile ilipita kama dagaa mkononi. Nikianza kukumbuka Jumapili zile nasikia kwanza harufu: ziwa, vumbi la chaki, mablanketi yenye jasho letu. Tulikuwa ndani ya sanduku tukiona dunia nzima upande wa pili wa kioo, watu wetu wote wamekaa kwenye nyasi, hakuna aliyekosekana. Sikujua kwamba hilo ndilo lilikuwa onyesho.

Kisha maneno ya uasi yakaanza. Vijana walikuwa wanapotea mmoja mmoja, watu wanasema wamepanda milimani. Askari wa serikali wakaongezeka mjini. Na katikati ya hayo, baharia mwenzake baba, jina lake Kashindi, alikuja kwetu asubuhi moja, nguo zimekauka mwilini na bado zina mchanga. Alisema boti imepinduka mbele ya Makobola kwa upepo. Alisema baba alijifunga kamba ya mapipa kiunoni ili mzigo usipotee, mapipa yakazama kama mawe, yakamvuta. Yeye Kashindi aliogelea. Mwili haukuonekana.

Tukakaa matanga. Mama akavaa nyeusi. Hakuna aliyesema haiwezekani. Kila mwanamke wa Uvira anajua mafuta huelea juu ya mchuzi, lakini hakuna anayefikiria mchuzi kwenye matanga. Watu walifikiria chuma, na chuma kinazama. Kashindi alilia kuliko sisi, halafu hakuonekana tena mjini. Mama akaniambia jambo moja tu kuhusu kazi yangu: baba asichezwe. Nikamwapia.

Fundi Asumani aliondoka mwezi uliofuata. Alifunga redio za watu kwenye shuka, akazirudishia wenyewe nyumba kwa nyumba, hata zilizokuwa bado mbovu, akavuka mpaka kwenda Usumbura. Aliniachia bisibisi yake yenye mpini wa mti. Nilitaka kumuuliza kama kweli aliona televisheni. Nikamuuliza bisibisi hii inafaa skrubu gani. Mpaka leo nikipita kwenye daraja nageuza kichwa upande wa meza yake, na sasa pale wanauza chumvi.

Sasa sajini. Alikuwa sajini wa askari, mtu wa mbali, Kiswahili chake kilipiga magoti mbele ya Lingala. Alipenda televisheni yetu kuliko mtu yeyote. Alikaa benchi ya mbele, aliwanyamazisha watoto, na haiwezekani yake ilikuwa ya kitaalamu. Tulimheshimu kama mteja mgumu. Kisha ikaanza kusemwa mjini kwamba baadhi ya waliokufa majini hawakufa, wamepanda milimani kwa waasi, na ndugu zao wanadanganya. Familia mbili za Mulongwe ziliitwa kambini kuhojiwa. Baba wa mmoja aliyekuwa darasani kwetu hakurudi.

Jumapili moja, baada ya onyesho, sajini aliniita. Aliniwekea mkono begani kama mjomba.

"Jumapili ijayo munionyeshe boti ya Makobola," akasema. "Ile ya baba yako. Niko na hamu ya kuona."

Unamkataliaje sajini? Nilimwambia mama jioni ile ile. Aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akasema basi, fanya vizuri.

Nikafuata kanuni ya Fundi. Alhamisi nilichukua kopo la maziwa, nikalitia mawese ya mama, nikaacha nafasi ya kidole juu. Baba mwenyewe alinifundisha hivyo: pipa halijazwi mpaka mdomo, mafuta huvimba kwa jua. Nikabana kifuniko, nikaliweka kwenye maji. Likaelea. Nikaligeuza, likaelea. Nikalifunga kamba na mdoli wa majani, likaelea na mdoli wake juu kama bwana arusi. Niliudhika sana. Niliona chombo kibovu tu, ndivyo kazi inavyompofusha mtu. Tukila bugali nikamlalamikia mama kwamba kopo linakataa kuzama, nitatia mchanga kama kawaida.

Mkono wake ukasimama kwenye sahani.

"Ulitia nini?"

"Mawese."

"Lete."

Nikaleta beseni ndani, nikaweka kopo. Mama akalitazama. Akalisukuma kwa kidole mpaka chini, akaachia. Likarudi juu. Akalisukuma tena, sasa kwa kiganja chote, akalibana chini kwa muda, akaachia. Likarudi, likamgusa vidole. Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Kashindi alidanganya. Na kama mapipa hayakumvuta baba, basi baba alikwenda mahali ambapo rafiki yake alilazimika kulia kwa ajili yake mbele ya watu.

Mama hakulia na hakucheka. Aliendelea kulizamisha na kuliachia. Kila likirudi juu alivuta pumzi, kama mtu anayesikia hodi. Sijui ilikuwa mara ngapi. Mwishoni akaniuliza ni nani mwingine aliyeona. Nikasema hakuna. Akaniambia nitie mchanga, nile, ninyamaze. Nilifanya la kwanza na la tatu.

Jumapili watu walijaa kuliko siku ya uhuru. Bahati alikataa kumcheza baba, akasema anaogopa, kwa hiyo nikamcheza mimi. Nilivaa kofia yake, kamba kiunoni, beseni mbele yangu. Ukitaka kujua ubaya wa sheria ya Fundi, icheze siku moja ukiwa marehemu. Mama alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye nyasi, na nguo yake nyeusi, kikapu mapajani. Midomo yake ilitikisika, sikusikia alichosema. Nilikaza uso kama maiti. Bati likalia, dagaa wakanyesha, boti ya kibao ikapinduka, kopo la mchanga likazama likinivuta kwa kamba, nikapotea chini ya dirisha.

Wanawake wakaguna kwa huruma. Sajini akasimama.

"Haiwezekane," akasema. "Ule ni muchanga. Pipa ya baba yako ilikuwa na mafuta. Fungua dirisha. Leta mafuta ya kweli."

Nilifungua. Nilisema mafuta hatuna, tufanye Jumapili nyingine. Sajini akasema mji huu una mafuta kuliko maji. Akageuka kutafuta. Na mama akainuka.

Alitoa kwenye kikapu kopo la maziwa, limefungwa.

"Iko hapa, sajini. Ni mawese ya Makobola. Ile ile alikuwa anabeba."

Nilidhani huzuni imemla akili. Yeye mwenyewe alikuwa ameliona likielea! Nilimtazama, hakunitazama. Sajini alichukua kopo, akafungua kifuniko, akachungulia. Mafuta mekundu, mazito, yamefika kidole kimoja chini ya mdomo. Akachovya, akaonja. Akaonja tena, nadhani kwa njaa. "Ni mafuta," akawaambia watu. Akakibana kifuniko yeye mwenyewe, akainama juu ya beseni, akaliweka kopo juu ya maji kwa mikono miwili, polepole, kama anayelaza mtoto.

Likazama. Lilikwenda moja kwa moja, likagonga chini, tukasikia ko.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, aliyetaka kupiga kelele haiwezekani alikuwa mimi. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma. Wa ndani hawasikii, wa ndani hawaoni. Sajini aliliangalia lile kopo chini ya maji, akasubiri. Halikurudi. Nyuma yake mama alikaa chini kwenye vumbi, akapiga yowe la kumwita baba kwa jina lake, na wanawake wote wakamfuata, na hata leo sijui kiasi gani cha kilio kile kilikuwa televisheni. Sajini akavua kofia. Akaniambia pole, akaondoka, na hakurudi tena kwenye benchi yake. Nilimpoteza mteja mzuri.

Tulirudi nyumbani, mama mbele na kopo lake limerudi kikapuni, mimi nyuma na dirisha kichwani, kwa maana alikuwa ameninong'oneza kwamba kazi imekwisha. Mlangoni nikaona kitu cha ajabu. Kufuli haikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge. Nikamuuliza kufuli iko wapi. Mama akatoa kopo kwenye kikapu, akafungua kifuniko, akazamisha mkono kwenye mawese mpaka kifundo, akaivuta: ile kufuli nene, nyekundu, inadondosha mafuta, na ufunguo wake umo ndani yake. Aliifuta kwa nguo nyeusi. Nikakumbuka meza ya Fundi, skrubu, na yale maneno yake kuhusu uongo. Yeye aliyasema, mama aliyafanya, na mimi mkurugenzi nilishika beseni tu.

Wiki chache baadaye watu wa milimani walishuka, askari wakaondoka na sajini wao. Ndiyo maana naweza kuandika haya. Kama sajini atarudi na karatasi hii ikamfikia, ajue kwamba yote yaliyomo haiwezekani.

Siku waliposhuka mama alivua nyeusi. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama kando ya barabara kubwa tangu asubuhi, nami karibu naye. Walipita vijana, walipita wazee, wengine na bunduki, wengine na mikuki na majani kichwani. Kila mwenye mabega mapana kama ya baba, mama alimtazama mpaka apite. Mwishoni alimshika mmoja mkono, akamuuliza kama wanaye makanisiyeni mmoja wa boti. Yule kijana akasema mama, tuko wengi, wengine wako upande wa Fizi, wengine hatujui. Tukarudi. Alikaa na kitenge kile kile mpaka jioni, na kesho yake akakivaa tena.

Basi, wadogo zangu, beseni liko kwetu, bati liko kwa Bahati, dagaa tafuteni wenyewe. Kioo sitawapa. Wiki iliyopita mawingu yalianza kujikusanya juu ya milima, nikaona mimi sasa ni mkubwa, nimestaafu, nina nafasi. Nikatoa dirisha chini ya kitanda, nikaazima nyundo, nikanyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, nikaondoa mkeka. Nilikuwa nimelipandisha dirisha nusu ya ukuta wakati mama alipoingia kutoka sokoni. Aliweka kikapu chini. Alikitazama kioo, ile alama ya girisi kwenye kona ya juu, akaninyang'anya nyundo bila ukali.

"Egemeza tu ku ukuta, mwana wangu," akasema. "Mwenyewe alisema atalirudisha."